Upepo wa gari la wazi hutokea nyuma

Swali: Nina Mazda Roadster ya mwaka 2000, ile ya paa la turubai, niliyoiagiza Japani. Hapa mjini Dar es Salaam nikifunua paa ni raha tupu. Shida inaanza tukitoka na mke wangu kwenda Bagamoyo au Morogoro. Mwendo ukifika kilomita 80 kwa saa, mtandio unampiga usoni, nywele zinamwingia mdomoni, na jioni analalamika shingo. Mimi ni mrefu kidogo, napigwa kisogoni na kwenye paji la uso. Fundi mmoja anataka anifungie kibao juu ya fremu ya kioo cha mbele. Mwingine anasema niweke plaiwudi nyuma ya viti. Nimsikilize nani? Na je, kuna kitu ninachoweza kutengenezesha hapa hapa bila kuagiza nje?

Jibu: Ndugu yangu, nusu ya jibu umeiandika mwenyewe kwenye swali lako. Unasema mtandio wa shemeji unampiga usoni. Gari linakwenda mbele, kwa hiyo upepo wa mbele ungekuwa ndio mkosaji, mtandio ungepeperukia kwenye buti kama bendera ya mashua. Wenyewe unatoka kisogoni na kumfunika macho. Wewe nawe unapigwa kisogoni. Upepo unaowatesa unatokea nyuma yenu, na yule fundi wa kibao cha mbele anataka kufunga mlango ambao mwizi hakupitia.

Aliyewahi kupanda nyuma ya pikapu kwenye barabara ya vumbi analijua jambo hili. Gari linakimbia, vumbi linatimkia nyuma ya magurudumu, na mtu angetegemea libaki huko huko. Halibaki. Linapanda juu ya mlango wa nyuma wa pikapu, linageuka, linawafuata abiria, na hata aliyejibanza kwenye kabini halimwachi. Ukitaka kuliona kwa utulivu zaidi, simama darajani mto ukiwa umejaa, uangalie maji yanapopita kwenye nguzo. Jani likinaswa upande wa nyuma wa nguzo, mto hauendi nalo. Linarudi kinyume cha mkondo, linaigusa nguzo, linazunguka, linarudi tena. Kioo chako cha mbele ni ile nguzo, nanyi mmekaa pale lilipo jani.

Hewa ikifika kwenye ukingo wa juu wa kioo cha mbele huachana na gari na kupita juu ya vichwa vyenu kama paa lisiloonekana. Chini ya paa hilo hewa imetulia kiasi. Lakini ile inayopita juu kwa kasi huikokota hii ya chini na kuondoka nayo kidogo kidogo, na mgandamizo wa hewa ndani ya gari unashuka. Hewa iliyoondoka lazima irudishwe kutoka mahali fulani. Basi lile paa la hewa likifika nyuma ya viti linainama, linagonga kifuniko cha buti, na sehemu yake inageuka na kurudi mbele. Inapita juu ya ile sehemu ambako turubai hulala likikunjwa, inajipenyeza kwenye pengo kati ya viti viwili, na nyingine inapita kati ya kiti na mlango. Halafu mpaka kati ya hewa inayokimbia na ile iliyotulia haukai sawa. Unavunjika-vunjika kuwa visulisuli, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikishuka kinakupiga kofi. Ndiyo maana husikii upepo mmoja unaovuma mfululizo, bali makofi yasiyo na mpangilio, na shingo inachoka kwa sababu misuli yake inajikaza kusubiri kofi lijalo.

Kwa nini mjini huoni shida? Nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ukitoa kiganja dirishani ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, hewa inakisukuma kwa uzito usiofika robo kilo. Kwenye 100, kiganja kile kile kinasukumwa na karibu robo tatu ya kilo. Hata kutoka 80 kwenda 100 tu, tofauti ambayo mguu hauihisi kwenye pedali, nguvu inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo dawa ya kwanza, na haina gharama, ni kushuka kutoka 100 hadi 80 kwenye vipande virefu vya barabara. Najua hukuniandikia kuambiwa upunguze mwendo, lakini tofauti hiyo utaihisi hata kabla hujafunga wavu wowote nitakaokueleza hapa chini.

Sasa, kabla hujanunua hata msumari, lijue gari lako linavuja wapi. Nunua uzi wa kufumia sweta, wa rangi inayoonekana, ukate vipande kama kumi vya sentimita 10 kila kimoja. Vibandike ncha moja kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi: viwili kwenye fremu ya juu ya kioo cha mbele, kimoja juu ya kila mlango, kimoja kwenye kila egemeo la kichwa, viwili kwenye pengo kati ya viti, kimoja kila upande wa kiti karibu na mkanda. Toka asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tulivu, funua paa, endesha kilomita 60 kwa saa bila kubadilisha mwendo. Shemeji achukue video kwa simu. Wewe angalia barabara, nyuzi mtaziangalia mkishasimama.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili nilikuwa kiti cha abiria kwenye gari la aina yako, simu mkononi. Uzi wa kwenye fremu ya kioo ulilala kuelekea nyuma, umenyooka kama uliopigwa pasi. Ule wa kwenye egemeo la kichwa, hatua moja tu nyuma yake, ulielekea mbele na kutapatapa kama mkia wa mjusi uliokatika. Uliokuwa kati ya viti ndio ulionishangaza zaidi: ulikuwa umesimama kuelekea dashibodi, ncha yake ikimgusa dereva kiwiko, wala hautikisiki sana. Pale palikuwa na mto wa hewa unaotiririka kutoka nyuma kwenda mbele, na mwenye gari alikuwa amekwishalipia kibao cha mbele ambacho hakikugusa hata tone la mto huo.

Ukishaziona nyuzi zako, anza na vioo vya milango. Vipandishe vyote viwili hadi juu kabisa. Watu wengi hawapendi, wanaona gari la wazi lenye vioo juu limepoteza maana yake, na ninawaelewa. Lakini kioo kilichopanda kinazuia hewa inayozunguka nguzo za pembeni za kioo cha mbele isimwagike juu ya mlango na kuwapiga bega. Kosa linalofanyika sana ni kupandisha nusu. Ukingo wa kioo ukisimama usawa wa sikio, hewa inavunjikia pale pale, na unapata visulisuli vipya karibu na uso kuliko vile vya mwanzo. Ama uvipandishe vyote hadi juu, ama uvishushe vyote.

Kinachofuata ni lile pengo kati ya viti, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi, kwa sababu watu hulipuuza. Kila mtu anawaza kimo, anataka kitu kirefu nyuma ya kichwa. Kumbe kwenye gari dogo la viti viwili hewa nyingi inayorudi inapita chini, usawa wa kiuno na bega, halafu inapanda mbele ya kifua na kuinua nywele kutoka chini. Chukua shuka au blanketi, lizungushe liwe kama mto mrefu, lisukume kwenye pengo hilo kwa nyuma, uhakikishe halijagusa hendibreki wala halizuii mkanda. Rudia safari ile ile, mwendo ule ule, nyuzi zile zile. Ukiona mtandio wa shemeji umeanza kutulia kwa blanketi tu, utakuwa umeokoa fedha nyingi.

Halafu chungulia nyuma ya viti vyako. Roadster za kizazi chako, kile kilichotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, nyingi zilitoka kiwandani na kibao kidogo cha kukunja, kinachosimama nyuma ya viti paa likifunuliwa. Kipo pale kwa kazi hii hii. Wengine wanamiliki gari miaka mitatu hawajui kwamba kimelala chini ya vumbi na makaratasi. Kama chako kipo, kisimamishe, jaribu tena. Ni kifupi, kinafika mabegani hivi, kwa hiyo hakitamaliza kazi yote, lakini ni msingi mzuri wa kujengea. Kama kimeng'olewa na mmiliki wa zamani, tutatengeneza.

Na hapo ndipo tunamfikia fundi wako wa plaiwudi. Mahali amepapata, kifaa ndicho amekosea. Kinachotakiwa kusimama nyuma ya viti kiwe na matundu. Mercedes-Benz walipoweka kizuia upepo kwenye gari lao la wazi la SL la mwaka 1989, hawakuweka ubao. Waliweka fremu yenye wavu, inayosimama nyuma ya vichwa vya abiria, na magari mengi ya wazi yaliyofuata yakaiga wazo hilo.

Sababu yake mkulima anaijua. Anayepanda safu ya migrevilea kukinga chai au kahawa na upepo haihitaji iwe ukuta. Ukuta mzima unasimamisha upepo pale pale, lakini upepo ule unaruka juu na kuanguka upande wa pili kwa vurugu, na mimea iliyo hatua chache nyuma ya ukuta inapigwa vibaya. Safu ya miti inayopitisha karibu nusu ya upepo huuchuja, na utulivu unafika mbali zaidi. Waliozaliwa pwani wameona tofauti kati ya kukaa nyuma ya uzio wa makuti na kukaa nyuma ya ukuta wa matofali siku ya kusi. Ndani ya gari ni hivyo hivyo. Ukiweka ubao mzima, mgandamizo mbele yake unazidi kushuka, na hewa inaanza kuutafuta ukingo wa juu na pembe zake ili iingie kwa nguvu. Wavu unaruhusu hewa kidogo ipite polepole, ile hamu ya kuingia inapungua, na visulisuli vikubwa vinakatwa kuwa vidogo sana ambavyo ngozi haivihisi kama kofi.

Plaiwudi ina ubaya mwingine ambao ni mkubwa kuliko huo. Siku ukifunga breki ya ghafla au ukigongwa nyuma, ni silaha iliyosimama sentimita chache kutoka shingo zenu. Na inaziba kioo cha ndani cha kuangalia nyuma. Usiiweke.

Wavu gani? Wavu wa mbu wa madirishani una matundu yanayopitisha hewa nyingi mno, safu moja haitoshi. Ukitumia huo weka safu mbili. Ninaoupenda zaidi ni ule wavu mweusi wa kivuli unaouzwa maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche. Chukua wenye kufumwa kwa kubana, wa asilimia 50 hadi 70 ya kivuli. Rangi nyeusi si ya urembo. Jicho linapenya wavu mweusi kwa urahisi ukiangalia kwenye kioo cha ndani, ila mweupe au wa fedha unapigwa na jua la saa nane na kukuletea ukungu wa mwanga, huoni kilicho nyuma. Uvute ukaze kama ngozi ya ngoma. Ukilegea utavuma, na kilomita hamsini za mvumo huo zitakufanya uutupe kichakani.

Kimo chake usikikisie. Tafuta boksi la friji au la televisheni, kata kipande kinachojaa upana wa nyuma ya viti kutoka mlango hadi mlango, ukiacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Kiegemeze nyuma ya viti, kifunge kwa kamba kisihame. Boksi ni la kupimia tu, kwa safari fupi za mwendo wa 60, kwa sababu linakuziba nyuma; msitoke nalo barabara kuu yenye magari. Anza kimo cha masikio, sikiliza, angalia nyuzi. Kata sentimita tano, rudia. Utafika mahali ambapo ukikata zaidi kisogo kinaanza kupigwa, na hapo rudisha sentimita tano juu. Kwenye magari ya ukubwa huu mara nyingi kimo kinaangukia kati ya sikio na ncha ya juu ya egemeo la kichwa. Kupita hapo hupati nafuu ya maana, unapata kelele, na kitu kirefu kinachochomoza kwenye lile paa la hewa kinaanza kutengeneza visulisuli vyake chenyewe.

Boksi likishakupa umbo, mpelekee fundi wa kuchomelea. Fremu ya nondo nyembamba ya milimita 8 inatosha, ikipindwa kufuata umbo la boksi, ikavikwa mpira wa bomba au sponji nene sehemu zote ambazo kichwa au mkono unaweza kugusa. Upande wa chini ushuke hadi karibu na sakafu ya kile kijirafu kilicho nyuma ya viti, na katikati uongeze ulimi wa wavu unaoingia kwenye pengo kati ya viti, pale ulipoweka blanketi. Ulimi huo ndio unaokosekana kwenye vizuia upepo vingi vya kununua.

Namna ya kuifunga inahitaji uangalifu. Usichomelee kitu kwenye mikono ya chuma ya paa, wala usipitishe kamba mahali mkanda wa kiti unapotembea. Mkanda lazima uvutike na kurudi bila kugusa fremu hata kidogo. Ujaribu mara ishirini, si mara moja. Ukiisha kufunga, funua na kufunga paa lote polepole huku mtu akichungulia pande zote mbili. Mvua ya masika haikupi taarifa, na kama itakubidi kung'oa wavu ndipo paa lifungike, siku moja mtalowa barabarani na umeme wa gari utalowa pia. Fremu iwe imefungwa kwa boliti au mikanda imara inayofungulika kwa mkono. Mjini utataka kuilaza. Kwenye foleni ya Mwenge saa kumi jioni hutaki kuzuia upepo wowote.

Ukipenda kitu angavu badala ya wavu, tumia polikaboneti, ile wanayoezekea vibaraza. Perspeksi ni nzuri kwa macho lakini ikivunjika inatoa vipande vyenye makali. Kioo cha dirisha la nyumba nimewahi kukiona kwenye gari la mtu, na nilimwomba akitoe kabla hajaondoka gereji.

Paji la uso lako ni jambo jingine, na hapo ni kweli upepo unatoka mbele. Kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha, mgongo umeegemea, mtu apige picha kutoka pembeni. Vuta mstari kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele kwenda nyuma, ukipanda kidogo. Kama kipaji chako kimepita mstari huo au kinaugusa, kichwa chako kimetoboa lile paa la hewa, na wavu wa nyuma hautakusaidia kitu hapo. Dawa ni kushuka. Laza kiti nyuma kidogo, halafu mwone fundi wa viti apunguze sponji ya makalio sentimita mbili au tatu. Asiguse ya mgongoni. Sponji ya kiti cha Roadster ni nene, kwa hiyo sentimita hizo zinapatikana bila kukaa kwenye chuma. Watu warefu wanaomiliki gari hili duniani kote wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Hakikisha tu bado unaiona barabara iliyo karibu na boneti, na miguu inafika kwenye pedali bila kunyooka mno.

Sasa kile kibao cha juu ya kioo cha mbele. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 2010 Mercedes-Benz walitoa E-Class ya wazi yenye kitu cha namna hiyo, kinachonyanyuka sentimita kama sita juu ya fremu, kikiwa na wavu chini yake. Lakini tazama walikiweka wapi na pamoja na nini. Ni gari la watu wanne, tundu lake la kukaa abiria ni refu, na paa la hewa linaanguka juu ya abiria wa nyuma kabla halijafika buti. Kibao kinalirusha juu zaidi ili lipite vichwa vyao. Na hawakukiacha peke yake: kilinyanyuka pamoja na wavu uliosimama kati ya maegemeo ya vichwa ya viti vya nyuma. Gari lako lina tundu fupi, hewa inapita juu yenu vizuri tu, shida iko inaporudi.

Tena, kibao cha fundi wako si cha sentimita sita. Tuseme ni cha upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 15. Kwenye kilomita 100 kwa saa hewa itakisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 10, na sukuma hiyo inatetemeka, haitulii. Skrubu zake zimetoboa fremu ile ile ambayo paa linajishikia na ambayo mpira wa kuzuia mvua umelalia. Kikichomoka, kinaruka juu ya vichwa vyenu na kumwendea anayekufuata. Fundi huyo mwambie asante.

Kuhusu kelele hukuniuliza, lakini safari ya Morogoro ni kilomita 190 hivi kwa upande mmoja, na masikio hayarudishwi. Kiwango kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Gari la wazi kwenye mwendo wa barabara kuu linafika huko kwa urahisi, na kelele ya upepo inapanda na mwendo haraka kuliko hata ile nguvu ya kusukuma. Vioo vya milango vikiwa juu na wavu ukiwa umesimama kelele inashuka, utaisikia tofauti mara moja kwa sababu mtaanza kuzungumza bila kupaza sauti. Hata hivyo, kwenye kipande kirefu cha mwendo mkubwa baada ya Chalinze, ningefunga paa, nikalifunua tena milima ya Uluguru ikianza kuonekana. Na hapo mkifika asubuhi ya Julai kukiwa na baridi, washa hita ielekee miguuni. Gari likishatulizwa upepo, joto lile linabaki magotini badala ya kunyofolewa na kutupwa nje.

Mtandio wa shemeji naomba uuangalie leo, hata kabla ya wavu. Ukimfunika macho yeye ni usumbufu, lakini hewa hiyo inazunguka, na dakika nyingine utakufunika wewe unayeendesha. Ncha ndefu nayo isiachwe itoke nje ya mlango. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki Nice, Ufaransa, mwaka 1927, baada ya shali yake ndefu kunaswa kwenye gurudumu la gari la wazi alimokuwa amepanda. Shemeji aufunge kwa nyuma, ncha ziingie ndani ya gauni au chini ya mkanda wa kiti, au avae kilemba kilichobanwa akiwa njiani. Nywele zikusanywe chini, usawa wa shingo. Zikifungwa juu utosini, fundo lenyewe linapanda hadi kwenye visulisuli.

Fanya kwa mpangilio huo: nyuzi, vioo, blanketi, boksi, kisha wavu, na kila hatua uendeshe barabara ile ile kwa mwendo ule ule ili usidanganywe na siku yenye upepo wa kusi. Ukimaliza, nitumie video pamoja na kipimo cha upana wa pengo kati ya viti. Kama uzi wa kwenye egemeo la abiria bado utakuwa unaelekea mbele hata baada ya wavu kusimama, usiongeze kimo. Inama uangalie chini, kati ya ukingo wa fremu na kijirafu. Mwanya wa sentimita tatu hapo unatosha kumvuruga shemeji nywele hadi Bagamoyo, na unazibwa kwa kipande cha sponji.